Ndege Inapomisi Juu ya Thika

Vijana wa gereji ya pikipiki iliyo karibu na steji yetu hapa Ruiru wanaijua kazi yangu, basi ndege ndogo ikipita juu ikinguruma ovyo, sikosi kuulizwa. "Mama, hiyo inamisi ama ni masikio yangu?" Mara nyingi huwa ni masikio, maana upepo huichezea sauti ya injini ikawa kama inapanda na kushuka. Swali linalofuata ndilo lenye uzito: "Na ikimisi kweli, rubani atapaki wapi?"

Hapaki. Pikipiki ikikosa moto wa plagi, safari imekwisha, unasukuma hadi kwa fundi. Injini ya ndege ndogo imepewa moto wa akiba tangu siku ilipotoka kiwandani, na rubani aliyefunzwa vizuri ana muda wa kufikiri kabla ya kutafuta pa kutua. Nitaeleza moto huo unavyotengenezwa, unavyoharibika, na sisi mafundi tunavyomtafuta mchawi wake. Msimamo wangu nautoa mapema: nikiletewa injini inayomisi katika nyanda hizi zetu za juu, siendi kwanza kwenye kifaa cha bei kubwa. Naanza na plagi.

Mimi ni fundi wa ndege ndogo mwenye leseni. Alfajiri natoka Ruiru kwa matatu ya Thika Road hadi mjini, kisha napanda nyingine ya Lang'ata hadi Uwanja wa Wilson, uwanja unaobeba jina la Florence Kerr Wilson, mama aliyeanzisha kampuni ya ndege ya Wilson Airways mwaka 1929. Huko ndiko ziliko hangari nyingi za ndege ndogo za nchi hii, na shule nyingi za urubani.

Jambo moja niliweke kando kabla ya kwenda mbele. Tarehe 7 Agosti 2025 ndege ya kubeba wagonjwa ilianguka Mwihoko, upande wetu huu wa Ruiru, ikaua waliokuwamo na wengine waliokuwa chini, na tangu siku hiyo majirani wengi huniuliza habari za injini kwa sauti ya chini. Ile ilikuwa jeti. Injini ya jeti ikishawashwa, moto wake huwaka mfululizo bila kusubiri cheche ya kila mara. Ninayoeleza mimi ni injini ya pistoni, ambamo kila mlipuko unahitaji cheche yake. Hayo ni mambo mawili tofauti, na sababu za ajali ile ni za wachunguzi kusema, si za fundi anayesafiri kwa matatu.

Chukua Cessna 172, ndege ambayo marubani wengi wa Kenya wamejifunzia. Nyingi kati ya hizo zina injini ya Lycoming yenye silinda nne zilizolala, mbili kulia na mbili kushoto, zinazopozwa kwa upepo tu. Kila silinda ina plagi mbili, moja juu na moja chini. Plagi nane kwa jumla. Nyuma ya injini kuna magneto mbili, na kila magneto inalisha plagi moja katika kila silinda. Katika injini nyingi za aina hii, magneto moja huwasha plagi za juu za upande mmoja na za chini za upande wa pili, na mwenzake hufanya kinyume chake. Magneto moja ikifa kabisa, silinda zote nne bado zinawaka. Nguvu inapungua kidogo, ndege inaendelea.

Magneto ni nini basi? Ni kijidainamo kinachojitegemea. Ndani yake kuna sumaku inayozungushwa na injini yenyewe, koili yenye nyuzi nene na nyuzi nyembamba mno, platini zinazofunguka na kufunga, kondensa, na kigawanyaji kinachopeleka umeme kwa kila plagi kwa zamu yake. Platini zinapofunguka, umeme mdogo wa nyuzi nene unakatika ghafla, na kwenye nyuzi nyembamba unazuka umeme wa volti zinazoweza kufikia 20,000. Huo ndio unaoruka pengo la plagi. Kwa hiyo magneto haihitaji betri. Betri ya ndege ikifa angani, redio zitanyamaza na taa zitazima, lakini propela itaendelea kuzunguka mpaka petroli iishe. Kijana mmoja wa gereji alipolisikia hilo alinitazama kana kwamba namdanganya. Kampuni ya Bosch ilikuwa imeshatengeneza magneto ya volti za juu kufikia mwaka 1902, kabla ndugu wa Wright hawajarusha ndege yenye injini. Ni teknolojia ya kizee, na bado iko kwa sababu haimtegemei mtu.

Sasa kwenye kisa chenyewe. Ilikuwa Cessna 172 ya shule moja ya urubani, imetoka Wilson ikiwa na mwanafunzi na mwalimu wake, safari ya kujifunza njia hadi Nanyuki. Walikuwa futi 8,500 juu ya usawa wa bahari, Thika imeshaonekana, mashamba ya mananasi yamejipanga mbele upande wa kulia. Injini ikaanza kutetemeka. Haikuzima, ilitetemeka tu, na sindano ya mizunguko ikawa haitulii.

Mwalimu akachukua usukani na kufuata hatua kama zilivyoandikwa. Kwanza alivuta joto la kabureta, kwa sababu barafu ikijijenga ndani ya kabureta dalili zake hufanana sana na za moto mbovu. Hilo si la Ulaya peke yake. Julai ya Thika, kukiwa na mawingu mazito, ukungu na nyuzi 15 hivi za joto, ndiyo hali inayopendwa na barafu ya kabureta: hewa yenye unyevu inapoa ghafla inapopita kwenye koo jembamba, na maji yanaganda humo humo. Kama ni barafu, ukivuta joto injini hulegea zaidi, hutikisika inapomeza maji, kisha hupanda. Siku hiyo haikufanya hivyo. Akaangalia petroli, akaikuta sawa. Akapunguza petroli kwenye mchanganyiko wa petroli na hewa, mtetemo ukapungua lakini haukwisha.

Ndipo akashika ufunguo. Ufunguo wa Cessna una vituo vitano: kuzima, magneto ya kulia, magneto ya kushoto, zote mbili, na kuwasha. Rubani huruka akiwa kwenye zote mbili. Aliugeuza kulia kwa muda mfupi, injini ikatulia, nguvu imepungua kidogo tu. Aliugeuza kushoto, ndege nzima ikatikisika. Jibu limepatikana angani, bila spana: mgonjwa ni upande wa magneto ya kushoto. Kwa kuwa mtetemo ulivumilika, akaurudisha ufunguo kwenye zote mbili, akageuza pua kuelekea kusini.

Njia hiyo ya kurudi, kutoka Thika hadi Ruiru na kuendelea, inanitia wasiwasi kuliko zamani. Rubani wa injini moja hufundishwa kuwa na uwanja wa dharura machoni mwake kila dakika. Ruiru ya zamani ilikuwa mibuni mitupu, na mibuni si zulia, lakini pale mtu angechagua mahali. Leo mashamba mengi yamekuwa ploti na maghorofa, na Tatu City yenyewe imesimama palipokuwa shamba la kahawa. Silaumu mtu kwa kujenga, hata nyumba yangu imesimama palipokuwa na mibuni. Nasema tu kwamba moto wa akiba una thamani zaidi sasa kuliko nilipoanza kazi.

Walitua salama. Mwalimu alinikuta mlangoni mwa hangari. "Injinia, ni kushoto," akaniambia, akanisimulia kila alichogusa na kila ilivyojibu. Nilimshukuru, "Asante, Kapteni," na sikuwa nafanya adabu tu. Rubani anayekwambia "injini ni mbaya" amekuachia kazi ya siku nzima. Huyu alinikabidhi nusu ya jibu.

Niliiwasha mwenyewe na kufanya kipimo ambacho kila rubani hufanya kabla ya kuruka. Katika 172 nyingi za kabureta unapandisha injini hadi mizunguko 1,700 kwa dakika, kisha unageuza ufunguo kwa magneto moja moja na kuangalia mizunguko inavyoshuka. Kitabu kinaruhusu kila magneto ishuke isizidi 125, na tofauti kati ya hizo mbili isizidi 50. Kulia ilishuka 70, kwa utulivu. Kushoto ilishuka zaidi ya 200, huku injini ikitetemeka.

Mtetemo huo ni habari. Mizunguko ikishuka sana lakini injini ikabaki laini, silinda zote zinawaka ila zinawaka vibaya, na hapo nafikiria taimingi ya magneto au mchanganyiko wa petroli. Ikishuka kwa kutetemeka, kuna silinda isiyowaka kabisa ikiwa kwenye magneto hiyo. Ipi kati ya nne? Kuna njia rahisi kiasi cha kuchekesha: acha injini ipoe, iwashe tena kwa magneto mbovu peke yake kwa muda mfupi, zima, kisha pima joto la mabomba ya ekzosi karibu na kila silinda. Wazee walionifunza walidondosha tone la maji, bomba moto likachemka na bomba baridi likabaki limelowa. Mimi natumia kipimajoto cha kuelekeza. Bomba la silinda ya tatu, ile ya nyuma upande wa kulia, lilikuwa baridi.

Nikafungua plagi ya silinda hiyo iliyo kwenye magneto ya kushoto. Ilikuwa ya chini. Mara nyingi huwa ni ya chini, kwa sababu silinda zimelala na kila uchafu, oili au chembe, huteremkia huko. Kwenye shimo la plagi, kati ya kiini cha katikati na ukuta wa nje, palikuwa na vijipira vya kijivu, vigumu, vidogo kuliko punje ya mtama. Risasi hiyo. Kimoja kilikuwa kimeziba pengo sawasawa, na umeme ulikuwa ukipita ndani yake bila kuruka.

Risasi hii huwashangaza sana vijana wa pikipiki, na wana haki. Hawajawahi kuiona. Petroli ya magari katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara iliacha kutiwa risasi kufikia mwanzo wa 2006, kampeni ikiongozwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lililo hapa Gigiri, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021. Petroli ya ndege za pistoni haikuguswa. Ile ya rangi ya samawati tunayotia, inayoitwa 100LL, inaweza kuwa na hadi gramu 0.56 za risasi kwa lita, ili injini zenye mgandamizo mkubwa zisigonge. Marekani iliidhinisha petroli mbadala isiyo na risasi mwaka 2022, lakini kuidhinishwa na kufika kwenye pampu ni safari mbili. Kwa sasa tunakwangua risasi kwa kijiti kikali kinachotikisika, taratibu, tukichunga kauri isipasuke.

Kuna njia tatu za kuisoma plagi iliyochafuka, na fundi wa pikipiki anazijua mbili. Ikiwa imelowa oili nyeusi, kagua ringi za pistoni, ingawa plagi ya chini yenye oili kidogo kwenye injini nzee si msiba. Ikiwa na masizi makavu meusi, petroli ni nyingi kuliko hewa. Ikiwa na vijipira vya kijivu, ni risasi ambayo haikupata joto la kutosha kuondoka na moshi.

Hapo kwenye masizi ndipo mwinuko wa nchi yetu juu ya bahari unapoingia. Thika na Ruiru ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na Wilson iko futi 5,536, karibu mita 1,690. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Lakini kabureta ya ndege haijui imefika wapi. Rubani asipovuta kile kitasa chekundu cha mchanganyiko kupunguza petroli, inaendelea kumwaga kama iko ufukweni, na petroli isiyopata hewa inageuka masizi, kama chimni ya kandili iliyopandishwa utambi kupita kiasi. Vitabu vya Cessna viliandikwa Wichita, Kansas, mji ulio kwenye mita 400 hivi, na hata hivyo vinasema wazi kwamba ukiruka kutoka uwanja ulio juu ya futi 3,000 upunguze petroli kabla ya kuondoka. Wilson imeizidi hiyo kwa mbali.

Wanafunzi wengi hukariri kwamba kitasa chekundu husukumwa ndani hadi mwisho, kwa sababu ndivyo video walizotazama zilivyofanya. Kisha wanakaa dakika 15 kwenye foleni ya kuruka, injini ikizunguka polepole, baridi, imeshiba petroli. Plagi za chini zinapaka masizi, na risasi inatulia humo kwa kukosa joto. Wakifika kwenye kipimo cha magneto, mizunguko inashuka kupita kiasi, wanarudi hangarini na kuniambia, "Ndege yako mbovu." Mara nyingi dawa haihitaji fundi: pandisha mizunguko hadi 2,000 hivi, punguza petroli hadi injini iwe laini kabisa, ishikilie dakika moja, kisha pima tena. Masizi yanaungua yakaisha. Risasi haiungui hivyo, na hapo ndipo nafungua sanduku la spana. Dawa bora zaidi ni kupunguza petroli mara tu baada ya kuwasha, ungali chini. Nimelisema hili kwa marubani mpaka wengine wananikwepa kwenye kantini.

Nirudi kwenye silinda ya tatu. Nilisafisha plagi, nikapima pengo lake, ambalo kwa aina ile ni kati ya milimita 0.4 na 0.5, nikapima ukinzani wa ndani kwa mita. Plagi za ndege zina kikinza-umeme ndani yake, na kikipanda kupita ohmu 5,000 plagi hiyo naitupa, hata ikiwa inang'aa. Kisha nikaiweka kwenye mashine ya majaribio, ambayo huipa umeme ikiwa ndani ya hewa iliyogandamizwa.

Hapa nina ugomvi wa kirafiki na gereji za Ruiru na za Makongeni kule Thika. Fundi anatoa plagi, anaigusisha kwenye kichwa cha injini, anapiga kiki, anaona cheche, anasema, "Plagi iko sawa." Cheche katika hewa ya barabarani si sawa na cheche ndani ya silinda. Hewa ikigandamizwa, umeme huona kazi kubwa kuruka pengo, na hutafuta njia ya mkato, kwenye ufa wa kauri au kwenye waya uliochubuka. Plagi inaweza kumeremeta mkononi na kukataa kazini.

Yangu ilifaulu. Nikaifunga na washa mpya ya shaba, kwa sababu washa iliyokwisha kubanwa haifungi tena vizuri, nikaikaza kwa spana ya kipimo. Mizunguko ikashuka 80 kushoto, laini. Ndege ikaenda.

Baada ya saa chache za kuruka ikarudi na ugonjwa ule ule, silinda ile ile.

Hapo mwenye ndege alikata tamaa, akataka ninunue magneto mpya. Alikuwa tayari kulipa. Ningekuwa muuza spea ningefurahi. Badala yake nilifanya jambo lisilogharimu chochote: nilihamisha plagi ile kwenye silinda nyingine, na ya huko nikaileta ya tatu. Ugonjwa ukihama na plagi, plagi ndiyo mbovu. Ukibaki kwenye silinda, angalia waya au magneto. Ulibaki. Na magneto ikiwa mbovu kwa ujumla, silinda nyingine tatu zingelalamika pia, nazo zilikuwa salama. Ukabaki waya, au kile kituo kimoja cha kigawanyaji kinachoulisha.

Waya za plagi za ndege zimevikwa wavu wa chuma ili cheche zisiharibu redio. Wavu huo unaficha madonda. Kwa macho waya ulikuwa mzima. Nilipoupa umeme wa volti za juu kwa kifaa cha kupimia, taa ikaonyesha unavuja. Nikaufuata kwa vidole hadi nyuma ya bati linaloelekeza upepo kwenye silinda, nikakuta klipu iliyolegea imekuwa ikiusugua taratibu. Ngozi ya ndani ilikuwa imekwisha kwa urefu wa ukucha. Cheche ilikuwa ikifika kwenye plagi imechoka, plagi haipati joto, risasi inajijenga. Kwa hiyo risasi tuliyoikuta mara ya kwanza ilikuwa ya kweli, lakini yenyewe ilikuwa na mzazi. Tukabadilisha waya, tukafunga klipu inavyotakiwa. Magneto haikufunguliwa.

Sisemi magneto haziharibiki. Platini huchimbika, kondensa huchoka, kigawanyaji hupaka unga wa kaboni na kuingiza unyevu wakati wa mvua za masika, na taimingi husogea. Injini nyingi za kundi hili hutaka cheche nyuzi 25 kabla pistoni haijafika juu, na nyuzi chache tu za makosa hupoteza nguvu au kuchemsha silinda. Ndiyo maana watengenezaji wanataka zifunguliwe na kukaguliwa kila saa 500 za kuruka. Ndege ikikataa tu kuwaka asubuhi, na ikishawaka haina shida, naangalia kile kifaa cha springi kwenye magneto kinachochelewesha cheche na kuirusha sumaku kwa kasi wakati wa kuwasha. Kikifanya kazi, propela ikizungushwa polepole utasikia mlio wa tak.

Kuna pia suala la Kirinyaga Road. Mtu anayemiliki ndege huniuliza, kwa utani usio utani, kama plagi haziwezi kupatikana kwa bei nafuu huko mjini zinakouzwa spea za magari. Haziwezi. Uzi wa plagi ya ndege ni milimita 18, umbo la kichwa chake ni jingine, na kila kipande ninachofunga lazima kije na cheti kinachoonyesha kimetoka wapi, maana Mamlaka ya Usafiri wa Anga itaniuliza. Plagi ya ndege ikianguka sakafuni hata mara moja, naitupa, kauri yake inaweza kuwa na ufa nisiouona. Wanafunzi wangu wa ufundi huona ni ufujaji. Waone hivyo hivyo.

Hitilafu ninayoiogopa kuliko zote haifanyi injini imisi. Haifanyi lolote. Katika gari, waya wa umeme wa kuwasha ukikatika, injini inazima. Katika magneto ni kinyume. Kwa kuwa magneto hujitengenezea umeme, njia ya kuizima ni kuuelekeza umeme wake kwenye bodi ya ndege kwa waya mmoja mwembamba unaopita kwenye ufunguo. Waya huo ukikatika, ufunguo hauna tena amri. Utauzima, utautoa, utauweka mfukoni, na magneto itabaki hai.

Ndiyo sababu kwenye kile kipimo cha kabla ya kuruka, mizunguko isiposhuka hata kidogo ukigeuza ufunguo, usishangilie. Wanafunzi hufurahi, "Haikushuka kabisa, Injinia!" Isiposhuka, huenda magneto uliyodhani umeizima haikuzimika. Marubani makini hufanya jaribio jingine kabla ya kuegesha: injini ikizunguka polepole, wanagusa kituo cha kuzima kwa nukta moja wasikie kama inaanza kufa, kisha wanarudisha. Ikikataa kufa, wanaandika kwenye kitabu cha ndege na kuweka onyo kwenye propela. Injini yenyewe huzimwa kwa kukata petroli, si kwa ufunguo, ili silinda zibaki tupu. Hata hivyo mvuke kidogo unaweza kubaki, na cheche moja inatosha kuisukuma propela kwa nguvu inayokata mkono.

Hili nalisema kwa sababu ndege ndogo zimeanza kusogea karibu na watu: siku za wazi za shule za urubani, ziara za wanafunzi kutoka Thika na Ruiru, picha za harusi mbele ya ndege iliyokodiwa. Kila mara naona mtu ameegemea propela, au mtoto ananing'inia juu yake huku mzazi akitafuta pembe nzuri ya kamera. Mpigie picha mlangoni, au kando ya bawa, au ameketi kwenye kiti cha rubani kama rubani ameruhusu. Propela isiguswe, hata kama umeonyeshwa ufunguo uko mkononi mwa mwenyewe.